Simu ya Baba na Karti ya Mtoto

Wewe mama unayeketi sasa kwenye benchi ya hospitali na mtoto mapajani, na wewe baba uliyebaki nyumbani, maneno haya ni yenu wawili. Tunataka kusema nanyi juu ya chanjo. Usiseme, "Habari hiyo nimeisikia mara nyingi." Ni kweli, umeisikia. Leo hatutakuuliza kama chanjo ni nzuri. Tutakuuliza neno lingine: Mtoto wako atachanjwa siku gani?

Je, unaijua siku hiyo? Kama huijui, soma hata mwisho.

MAMA ALIYECHELEWA

Tumfikirie mama mmoja. Hatumtaji jina, kwa sababu wako wengi kama yeye. Alizaa salama. Mtoto alipata chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio. Alipofikia majuma 6, mama alimleta. Alipofikia majuma 10, alimleta tena. Mama huyu hakuikataa chanjo hata kidogo. Aliipenda.

Lakini juma la 14 liliangukia wakati wa kupanda mihogo. Mama alisema moyoni, "Nitakwenda juma lijalo." Juma lililofuata mtoto wake mkubwa akashikwa na homa. Halafu nauli ikakosekana. Karti ya mtoto ililala chini ya nguo ndani ya sanduku, na mama hakuiona tena. Mwezi wa 9 ulifika, wakati wa chanjo ya surua, wala hakuna mtu aliyekumbuka. Mtoto alikuwa mnene, anacheka, anaanza kusimama. Nani angefikiri kwamba yuko katika hatari?

Basi surua iliingia kijijini.

Surua haibishi hodi. Mgonjwa akikohoa ndani ya chumba, wadudu wa ugonjwa wanaweza kukaa katika hewa hata saa 2 baada ya yeye kutoka. Watu 10 wasio na kinga wakikaa karibu na mgonjwa, 9 kati yao waweza kuambukizwa. Mtoto anapata homa kali, macho mekundu, kikohozi na vipele. Kisha huja homa ya mapafu, kuhara, vidonda vya kinywa, hata upofu. Tena surua inafanya jambo moja baya ambalo watu wengi hawalijui: inaharibu kumbukumbu ya askari wa mwili. Magonjwa ambayo mwili ulikuwa umejifunza kupigana nayo, unayasahau. Kwa hiyo mtoto aliyepona surua anaweza kufa kwa ugonjwa mwingine miezi kadhaa baadaye, na watu hawajui kwamba ni surua iliyofungua mlango.

Sisi wa Kongo hatuhitaji kufundishwa neno hili na wageni. Katika mwaka 2019 surua ilipita katika majimbo yote ya nchi yetu. Watu wapatao 310,000 walidhaniwa kuwa nayo, na zaidi ya 6,000 walikufa. Wengi wao walikuwa watoto wadogo wasiofikia miaka 5. Wakati ule watu wengi walikuwa wakisema habari za Ebola, na ilikuwa haki kuiogopa. Lakini surua iliua watu wengi kuliko Ebola katika siku zile, nayo ina chanjo ambayo imejulikana kwa miaka mingi, na ambayo mama halipi kitu kuipata.

KWA NINI SIKU YENYEWE NI KITU KIKUBWA

Wengine wanasema, "Leo au mwezi ujao, si ni sindano ile ile?" Sindano ni ile ile, lakini mtoto si yule yule.

Mtoto anapozaliwa, anabeba kinga kidogo kutoka kwa mama yake. Kinga hiyo ni kama chakula cha njia. Inamsaidia kwa muda, kisha inakwisha. Juu ya surua, inakwisha karibu na mwezi wa 9. Tukimchanja mapema sana, kinga ya mama inaizuia chanjo isishike vizuri. Tukichelewa, mtoto anakaa bila kinga ya mama na bila kinga ya chanjo. Anasimama uwanjani bila ngao.

Kifaduro ni vilevile. Kinaua hasa watoto wachanga wa miezi michache. Kwa sababu hiyo chanjo yake inaanza katika juma la 6, pamoja na ile ya dondakoo, pepopunda, homa ya ini na wadudu wa homa ya mapafu na uti wa mgongo. Mtoto anayeletwa mara ya kwanza akiwa na miezi 6 amekwisha kuipita hatari kubwa bila msaada. Kama ameipita salama, tushukuru. Lakini wengine hawakuipita.

Basi kuchanja ni vizuri, na kuchanja kwa wakati wake ni vizuri zaidi.

WALIVYOJARIBU KATIKA SIAYA

Sasa sikilizeni habari ya jirani zetu. Katika Kenya ya magharibi, karibu na Ziwa Victoria, iko wilaya inayoitwa Siaya. Watu wake ni wakulima na wavuvi kama wengi wetu. Tangu mwaka 2013 waganga na wataalamu walifanya jaribio huko katika vijiji 152. Waliandika watoto wachanga 2,018. Walipiga kura na kuvigawa vijiji katika mafungu 4.

Fungu la kwanza liliachwa kama siku zote. Mama alipewa tarehe katika karti, basi.

Fungu la pili lilipata ujumbe kwa simu. Siku 3 kabla ya siku ya chanjo, na tena siku moja kabla, simu ililia, na mama akasoma kwamba wakati wa mtoto wake umefika.

Fungu la tatu lilipata ujumbe uleule, pamoja na shilingi 75 za Kenya kila mara mtoto alipochanjwa bila kuchelewa kupita majuma 2. Pesa ilitumwa kwa simu.

Fungu la nne lilipata ujumbe, na shilingi 200. Siku zile shilingi 200 zilikuwa dola 2 na senti kidogo za Marekani. Si utajiri. Ni nauli ya kwenda na kurudi, na labda sabuni.

Watoto walipofikia miezi 12, wataalamu walizunguka wakitazama karti. Walitafuta mtoto aliyepata chanjo zote: ya kifua kikuu, ya polio mara 3, sindano ya magonjwa 5 mara 3, na ya surua. Matokeo yalitangazwa mwaka 2017. Haya ndiyo waliyoyaona, kwa kila watoto 100:

Fungu lililoachwa kama siku zote: 82.
Fungu la ujumbe tu: 86.
Fungu la ujumbe na shilingi 75: 86.
Fungu la ujumbe na shilingi 200: 90.

Tutazame hesabu hii polepole. Kutoka 82 hata 86 si mbali. Tofauti ndogo namna hiyo inaweza kutokea kwa bahati tu, kama vile shamba moja linavyozaa kidogo kuliko lingine pasipo sababu. Kwa hiyo wataalamu hawakuthubutu kusema kwamba ujumbe peke yake umeshinda. Lakini kutoka 82 hata 90 ni tofauti ya kutosha. Ujumbe pamoja na shilingi 200 ulisaidia kweli. Watoto 8 zaidi katika kila 100 walimaliza chanjo zao.

Labda utasema, "Watoto 8 tu?" Ndugu, kama mmoja wa hao 8 ni wako, utasema "tu"?

PESA ILIFANYA KAZI GANI

Je, shilingi 200 ziliwafanya wamama wa Siaya kuwapenda watoto wao? Sivyo. Waliwapenda tangu mwanzo. Hata katika fungu lililoachwa, 82 walimaliza. Pesa ilifanya kazi nyingine. Iliondoa jiwe dogo katika njia.

Fikiri. Faida ya chanjo haionekani kwa macho. Mtoto aliyechanjwa na mtoto asiyechanjwa, leo jioni wote wawili wanacheza. Lakini gharama ya safari inaonekana leo hii: nauli, siku moja ya shamba, nyanya ambazo hazikuuzwa sokoni, kungoja tangu asubuhi hata saa 8 mchana. Moyo wa mwanadamu hupima kitu kinachoonekana kuwa kizito kuliko kisichoonekana. Ndipo mama anasema, "Juma lijalo." Zawadi ndogo inawekwa upande wa pili wa mizani, nayo inaonekana leo.

Jambo hili lilionekana pia katika nchi ya India, katika wilaya ya Udaipur, vijiji vya watu maskini sana. Huko hawakutumia pesa wala simu, bali dengu. Habari yake iliandikwa mwaka 2010, na wawili kati ya walioifanya, Abhijit Banerjee na Esther Duflo, walipata tuzo la Nobel mwaka 2019 kwa kazi yao ya majaribio juu ya umaskini. Katika vijiji vilivyoachwa kama siku zote, watoto 6 tu katika 100 walikuwa wamemaliza chanjo. Katika vijiji ambako mwuguzi alifika kila mwezi bila kukosa, walikuwa 18. Lakini ambako mwuguzi alifika bila kukosa, na mama akapewa kilo moja ya dengu kila mara, na sahani za chakula alipomaliza, walikuwa 39.

Tena waliona ajabu moja. Kutoa dengu kulipunguza gharama! Kwa namna gani? Mwuguzi analipwa siku nzima, wakija watoto 3 au wakija 30. Wakija wengi, gharama ya kila mtoto inashuka. Kumchanja mtoto mmoja hata amalize chanjo zote kuligharimu karibu dola 28 mahali pa dengu, na karibu dola 56 mahali pasipo na dengu.

JE, NI VEMA KUMLIPA MAMA?

Wazee wengine wa kanisa watauliza hivi, na ni ulizo zuri. Watasema, "Je, tutamlipa mtu kwa kumtunza mtoto wake mwenyewe? Kesho atataka pesa kwa kumnyonyesha."

Tunajibu hivi. Kwanza, ni kweli kwamba zawadi ina hatari zake. Ikianza na kisha ikakatika, watu wengine watangoja irudi. Ikitolewa kijiji hiki na si kile, kutakuwa na manung'uniko. Na penye pesa, uongo waweza kuandikwa katika karti. Mahali popote inapotolewa, lazima iwe na hesabu safi.

Pili, tusiseme kwamba chanjo "haina malipo" na kusahau njia. Anayekaa karibu na hospitali halipi kitu. Anayekaa kilomita 25 analipa pikipiki, tena analipa siku yake. Kumrudishia nauli si kumnunua. Ni kumsawazisha na jirani yake.

Tatu, hospitali nyingi hazina pesa hiyo, wala hatuwezi kukuahidi. Usimngojee mtu wa kukulipa. Lakini somo la Siaya ni kubwa kuliko shilingi zake. Linatufundisha kwamba mambo mawili yanazuia chanjo: kusahau, na gharama ndogo za njia. Haya mawili familia na kanisa wanaweza kuyashinda kwa sehemu kubwa.

SIMU HAIWEZI YOTE

Simu haimchanji mtoto. Kama mama anafika na chanjo imekwisha, ujumbe umemchosha bure. Kama mwuguzi anamkaripia mbele ya watu kwa sababu amechelewa, hatarudi, hata simu ikilia mara 10. Kwa hiyo sisi wa hospitali nasi tunayo kazi yetu: friji iwe na baridi, chanjo ziwepo, na kinywa kiwe na upole.

Lakini liko neno moja ambalo wamama wengi hawajaelezwa. Mara nyingine unakuja kwa chanjo ya surua na unaambiwa, "Rudi siku ya chanjo." Unakasirika. Sababu ni hii: kwa kawaida chupa ya chanjo ya surua inatosha watoto 10. Ikiisha kufunguliwa na kuchanganywa na maji yake, baada ya saa 6 inatupwa. Tukiifungua kwa mtoto mmoja, sehemu 9 zaweza kupotea. Tunaona kwamba kila mtoto ana thamani, hata mmoja. Ukija kutoka mbali, useme, ili mwuguzi atafute njia. Lakini wamama 10 wakikumbushana na kuja siku moja, chupa moja inatosha wote, wala hakuna anayerudishwa. Ndiyo sababu kukumbushana ni kazi ya kijiji kizima.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

1. Toa karti ya mtoto katika sanduku. Iweke ndani ya mfuko wa plastiki, itundike ukutani mahali ambapo baba na mama wanaiona.

2. Katika karti tafuta tarehe ya kurudi. Kama huwezi kusoma, mwombe mwuguzi akuambie kwa sauti, na uirudie mbele yake kabla ya kutoka.

3. Baba, hii ni kazi yako. Simu nyingi, hata zile ndogo za vifungo, zina kengele na kalenda. Weka kengele mara mbili: siku 3 kabla, na siku moja kabla. Ile ya kwanza ni ya kutafuta nauli. Ya pili ni ya kuoga mtoto na kuandaa karti.

4. Kama nyumbani hakuna simu, au hakuna rezo, mpe tarehe jirani mwenye simu, au mwalimu, au shangazi wa mtoto. Tena wamama wawili waliozaa mwezi mmoja waahidiane: "Utanipitia, nami nitakupitia."

5. Ukibadilisha namba ya simu, mwambie mwuguzi aiandike mpya. Ujumbe uliotumwa kwa namba iliyokufa haumfikii mtu.

6. Tangu mtoto azaliwe, weka kopo la nauli. Kila siku ya soko tia humo franka kidogo. Usilifungue kwa chumvi wala kwa mafuta. Ni njia ya mtoto.

7. Jihadhari na wezi. Mtu akikupigia simu na kusema, "Umepata pesa ya chanjo, nipe namba yako ya siri," ni mwongo. Hospitali haiulizi namba ya siri ya pesa zako. Kata simu.

Kanisa nalo linaweza kusaidia. Wakati wa matangazo, mzee aseme siku ya chanjo ya juma lile. Umoja wa wamama waandike majina ya watoto wote waliozaliwa mwaka huu, na wamtembelee aliyekosa. Wakiweza, wawe na mfuko mdogo wa nauli kwa mama anayekaa mbali au mjane. Hapo mtakuwa mmefanya kazi ile ya Siaya pasipo kungoja mtu kutoka mbali.

KAMA UMEKWISHA KUCHELEWA

Labda umesoma hata hapa na moyo unakuchoma, kwa maana mtoto wako alikosa. Usijifiche. Njoo. Chanjo alizopata hazikupotea. Hatuanzi upya, tunaendelea pale tulipoachia. Kati ya sindano moja na inayofuata yapite angalau majuma 4, mwuguzi atakuhesabia. Kama mtoto ana mafua kidogo au kikohozi chepesi, hiyo si sababu ya kukaa nyumbani. Mlete, tumwangalie. Kama karti imepotea, njoo hivyo hivyo. Hata kama utasemwa kidogo, maneno hayauwi mtoto, surua inaua.

Kalenda ya chanjo nayo hubadilika, kwa sababu chanjo mpya zinaongezwa. Usifuate ile ya mtoto wako wa kwanza. Fuata ile iliyoandikwa katika karti ya huyu.

Sasa funga kitabu hiki kidogo. Usikiweke chini kabla hujafanya jambo moja: mwulize aliyeketi karibu nawe, "Mtoto wako anarudi siku gani?" Kama hajui, nendeni pamoja kwa mwuguzi.

MAULIZO

1. Kinga ambayo mtoto anapata kwa mama yake juu ya surua inakwisha karibu na mwezi gani?
2. Kwa nini kifaduro ni hatari hasa kwa mtoto mchanga?
3. Katika Siaya, ni fungu gani lililosaidiwa kweli? Kwa nini?
4. Wamama 10 wakija siku moja, kuna faida gani?
5. Mtoto aliyekosa sindano moja, je, ataanza upya?
6. Mtoto wako mwenyewe anarudi tarehe gani? Nani atakukumbusha?